Sauti ya Mume Ndani ya Simu

Masikio ya Bae Pil-sun hayakufa siku moja. Yalikufa kutoka juu kushuka chini, kama nyumba inayoungua kuanzia paani. Walianza kutoweka ndege. Ikafuata birika inayochemka, kisha kengele ya mlangoni, kisha watoto wa jirani, ambao kwa kweli hakuwatafuta sana. Miaka thelathini na mmoja ya kusimama kati ya mashine ya kusaga mchele na mkanda wake ilikuwa imemnyang'anya sauti zote nyembamba na kumwachia zile nene tu: radi, malori na mumewe.

"Ningeulizwa mimi, ningebaki na ndege," alimwambia daktari wa masikio.

Daktari hakucheka. Alikuwa bado mgeni kazini.

Mtu wa kinu anaweza kuishi hivyo. Wateja wa soko la Hwanam walijua kwamba ukimtaka Pil-sun unamgusa bega, na ukitaka unga uwe laini zaidi unasugua vidole viwili mbele ya pua yake. Kilichomshinda ni simu. Na simu ndiyo iliyobeba uhai wa mumewe.

Huyo mume, Maeng Dal-sik, figo zake zilikuwa zimegoma zote mbili. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alilazwa saa nne nzima kando ya mashine ya kusafisha damu, akarudi nyumbani ana rangi ya gazeti lililonyeshewa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri figo, mwaka wa nne sasa. Siku figo inayomfaa ikipatikana, mratibu wa hospitali angepiga simu. Angepiga mara tatu ndani ya dakika ishirini, kisha angempigia mgonjwa anayefuata.

Kwenye fomu kulikuwa na namba mbili. Ya kwanza ya Pil-sun. Ya pili ya binti yao, So-dam, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya kompyuta kule Suwon, mahali ambapo wafanyakazi hufungia simu zao kabatini kabla ya kuvaa magauni meupe. Ya Dal-sik haikuwepo kwa sababu Dal-sik hakuwa na simu. Mwaka juzi alikuwa nazo tatu: mbili zilipanda teksi zikaendelea na safari bila yeye, ya tatu ilichemka ndani ya ndoo ya maharage mekundu. Pil-sun akatangaza kwamba ya nne hainunuliwi.

Sasa kuna jambo ambalo Dal-sik hakulijua. Mwezi wa Aprili mratibu alipiga. Pil-sun alikuwa anasaga. Simu ikalia mara tatu mfukoni mwa aproni yake, tena ikitetemeka, lakini pale karibu na mkanda hata meno hutetemeka. Nani atajua kipi ni simu na kipi ni jino? Aliiona saa sita mchana alipotia mkono kutafuta leso. Alipopiga, Mratibu Ryu alimwambia figo imeshakwenda kwa mtu mwingine. Alisema pole. Alisema zitakuja nyingine.

Pil-sun alirudi nyumbani, akapika supu ya figili isiyo na chumvi, akamtazama mumewe akinywa vijiko vitatu alivyoruhusiwa, hakusema kitu. Tangu siku hiyo alilala na simu chini ya shavu.

Wiki tatu kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, So-dam alishuka kutoka Suwon siku ya Jumapili na laptopu begani. Yeye aliijua habari ya Aprili, kwa sababu simu yake nayo ililia bure ndani ya kabati. Mama na binti walikuwa wamekubaliana kunyamaza pamoja.

"Mama, milio yote ya simu hii ni ndege na kengele," So-dam alisema, akipaza sauti na kuikaza kama alivyozoea kumfanyia. "Hizo wewe huna tena. Unataka sauti ya mwanamume. Nene. Iwe kama inatoka ndani ya pipa."

"Pipa tunalo moja humu ndani," Pil-sun akasema, akamtupia jicho mumewe aliyejilaza sakafuni akitazama mieleka. "Tena limejaa upepo."

Dal-sik akageuza shingo polepole. "Unanisema mimi?"

"Nasema pipa. Kama umejisikia, shauri yako."

Dal-sik alikuwa msanii. Zamani, kabla So-dam hajaanza shule, alirekodi wimbo mmoja kwa jina la jukwaani, Radi wa Daegu. Wimbo uliitwa "Bado Nina Neno." Zilichapwa CD mia tano, na mia nne thelathini na mbili kati yake zilikuwa bado chini ya kitanda, zikiinua godoro upande wa Pil-sun. Wimbo ulikuwa wao kabisa, maneno, sauti, saksafoni na jalada, na hakuna binadamu aliyewahi kubisha hodi kuutaka.

"So-dam akisema pipa ana maana ya baraka," Dal-sik akasema. Alishakaa. Alikuwa anachana nywele. Walichotaka ni wimbo wake, si yeye, lakini alichana nywele.

So-dam akavuta CD moja, akaichana nailoni yake ya miaka ishirini, akachomeka kisomeo alichoazima kazini kwa sababu laptopu za siku hizi hazina mdomo. Wimbo ukamezwa, ukawa faili. Kwenye kioo ulitokea kama safu ya milima: vichuguu vyembamba mwanzoni, kisha, Dal-sik alipoanza kunguruma, vilele vinene vyeusi vilivyojaa hadi ukingoni.

"Nikate wapi?" So-dam aliuliza.

"Anza mwanzo."

"Baba, mwanzo ni saksafoni. Sekunde arobaini."

"Ndiyo. Saksafoni inamkaribisha mwimbaji. Mwimbaji hapandi jukwaani kama mtu anayekimbilia choo."

"Simu inalia nusu dakika tu. Ukifika wewe, mpigaji ameshakata."

"Basi weka saksafoni kidogo. Heshima tu."

So-dam akamtazama mama yake, mama yake akatazama dari. Ikawekwa saksafoni ya sekunde ishirini na nane, heshima tu, na baada yake sauti ya Dal-sik. Akauhamishia simuni, akauchagua uwe mlio wa kila anayepiga, maana hospitali hupiga kwa namba yoyote kati ya kumi.

Pil-sun hakuwa mjinga wa kujaribia sebuleni. Aliwapeleka kinuni na laptopu yao, Jumapili hiyo hiyo, akawasha kila kitu: ya kusagia, ya kukandia, boila ya mvuke. Akaipa simu kisogo, akaanza kufuta meza. So-dam akatoka nje kupiga.

Dal-sik alisimama mlangoni akaona yote. Aliona kioo cha simu kinawaka. Saksafoni ikaanza, yeye akaisikia vizuri, ikabembeleza, ikalia, ikapinda shingo yake ndefu. Mkewe alikuwa anafuta meza. Saksafoni ikamaliza kumkaribisha mwimbaji. Mwimbaji akasema "Fu–" na simu ikakatika.

Pil-sun akageuka. "Mbona hampigi?"

Dal-sik alitembea hadi kwenye laptopu, akaiangalia ile milima yake, kisha akasema, "Kata. Kata saksafoni yote."

So-dam akakata. Sasa mlio ulianza pale pale kwenye sekunde ya arobaini na moja, bila hodi: *Fungua, fungua, bado nina neno!* Mistari minne, kisha unarudi mwanzo. Mashine zikawashwa tena, na safari hii Pil-sun aliruka, tambaa likaenda huku na ndoo ikaenda kule.

"Mungu wangu! Nani kaingia?"

Walicheka hadi boila ikaanza kupiga filimbi, ambayo Pil-sun hakuisikia.

"Miaka ishirini," Dal-sik akasema, akijifuta macho. "Hii ni mara ya kwanza mtu kuruka kwa ajili ya wimbo wangu."

"Nimeruka kwa hofu."

"Kuruka ni kuruka, Mama So-dam."

Kwa karibu wiki tatu mlio ulifanya kazi. Akipiga muuza mchele, Pil-sun anasikia. Akipiga mwenye unga wa mugwort, majani ya kutia keki rangi, anasikia. Na Dal-sik, kwa kuona wimbo wake umepata kazi uzeeni, akaanza kutoka kila asubuhi isiyo ya hospitali akiwa na mfuko wa CD. Akawapa wauza samaki. Akampa mama wa mkokoteni wa kahawa. Pil-sun hakuuliza, godoro lilikuwa linashuka upande wake na usingizi wake ulikuwa unanyooka.

Ijumaa, siku mbili kabla ya Chuseok, foleni ya kinu ilifika hadi kwa muuza soksi. Wanawake thelathini na kitu, kila mmoja na beseni lake la mchele uliolowekwa usiku kwa keki za sikukuu, kila mmoja akidai amemtangulia mwenzake. Sufuria za mvuke zilikuwa zimepandana hadi darini. Pil-sun alikuwa kwenye unga tangu alfajiri, na simu ndani ya mfuko wa nailoni ikining'inia kwenye msumari hatua sita kutoka alipo, mbali na mvuke. Ok-hui, msaidizi wake wa miaka mingi, alikuwa mezani akipokea mabeseni.

Saa mbili na robo asubuhi, *Fungua, fungua, bado nina neno!*

Pil-sun aliacha koleo ndani ya mchele wa mtu, akakimbia. Simu ilikuwa imelala kimya kama gogo. Kioo cheusi.

Na bado Dal-sik alikuwa anaimba.

Akatoka nje. Wimbo ulikuwa unatoka juu ya kichwa chake, kwenye spika ya chama cha wafanyabiashara iliyofungwa kwenye nguzo, na kwenye nguzo iliyofuata, na iliyofuata, hadi mwisho wa soko. Chini ya nguzo ya tatu, mbele ya ofisi ya chama, mumewe alikuwa amesimama na koti lake la jukwaani, lile la bluu, na Tak, mwenyekiti wa chama, alikuwa anamtikisa mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu Maeng!" Tak alipaza sauti. "Ulikuwa umeficha dhahabu hii wapi?"

"Chini ya kitanda," Dal-sik akajibu, na wauza samaki wakaangua kicheko.

"Kaka Dal-sik!" akaita bibi mmoja wa miaka sabini na kitu kutoka kwenye foleni. "Kaka, geuka huku tukuone!"

Kaka akageuka. Pil-sun aliuona uso wake. Ile rangi ya gazeti haikuwepo. Palikuwa na damu mashavuni, damu yake mwenyewe, isiyotoka kwenye mashine yoyote.

Angeweza kusema pale pale. Zimeni. Neno moja. Alifungua mdomo, akalimeza, akajiambia kwamba wimbo ni dakika nne tu na utakwisha.

Ulikwisha, wakauanza tena. Saa mbili na nusu alikimbia: bure. Saa tatu kasoro: bure, na sufuria moja ya mtu ikaungua chini. Akamwambia Ok-hui, "Itazame simu, usitazame kitu kingine," na Ok-hui akaitazama hadi wanawake wawili waliposhikana mabeseni, ikabidi akawaachanishe. Saa tatu na nusu alikimbia tena, akiwa na unga hadi kwenye kope, na wanawake wa foleni wakaanza kumcheka.

"Mama wa kinu anamkimbilia mumewe kama bibi harusi!"

"Mwacheni, miaka yote hiyo alikuwa hajui kaolewa na nyota!"

"Nyota gani," Pil-sun akajibu, akihema. "Taa ya choo." Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Kila alipokimbia ilikuwa Aprili tena.

Ikakaribia saa nne. Wimbo ukaanza, akasema moyoni, Aa, imba tu baba, akaendelea kumwaga mchele. Baadaye kidogo ukaanza tena, na mikono yake ilikuwa ndani ya mvuke. *Fungua, fungua, bado nina neno.* Mistari minne anayoijua kama vidole vyake. Baada ya mstari wa nne huja ubeti wa pili, ule wa mvua na kituo cha basi.

Haukuja. Ikaja tena *Fungua, fungua.*

Koleo likabaki hewani. Nje, kwenye nguzo, Dal-sik alikuwa kwenye mvua na kituo cha basi. Humu ndani Dal-sik mwingine alikuwa anagonga mlango.

Alikimbia. Sakafu ilikuwa na maji ya mchele, mguu ukamtoka, akaanguka kwa goti na kiwiko, akajiinua kwa kushika beseni la mtu, mchele wote ukamwagika. Alipoushika ule mfuko, kioo kilizimika kiganjani mwake.

Simu mbili za hospitali hazikupokelewa. Moja sasa hivi, saa nne na dakika nne. Na chini yake nyingine, saa nne kasoro dakika nane, wakati alipousikia wimbo na kusema Aa, imba tu.

Alihesabu kwa vidole vyenye unga. Dakika kumi na mbili zimepita. Zimebaki nane, na simu moja.

"Ok-hui! Zima!"

"Nini, Dada?"

"Zima vyote!"

Hakumsubiri. Alivuta mwenyewe swichi kuu. Mikanda ikalegea, mashine zikashuka pumzi moja moja, na wanawake thelathini wakaanza kupiga kelele kuhusu mchele wao, ambazo Pil-sun aliziona kwa midomo tu.

Akatamani kupiga yeye. Kidole kikaenda, kikasimama. Ile namba humpeleka mtu kwa mashine inayoongea kwa sauti ya mbu, bonyeza hiki, bonyeza kile, hasikii hata neno. Na zaidi ya hapo, ukipiga unaziba mlango ambao mwenzako anataka kuingilia. Akaishika simu kwa mikono miwili kifuani. Akaikodolea macho.

Dakika moja. Bibi wa mchele uliomwagika alimgusa bega, Pil-sun hakugeuka. Dakika mbili. Ok-hui alielewa. Alikuja akasimama kando yake, akainua mkono mmoja kwa foleni yote, na foleni ikanyamaza. Dakika tatu. Jasho liliteremka na unga likaanguka kwenye kioo, akalifuta kwa shavu.

Kioo kikawaka. *Fu–*

"Haloo! Haloo! Mimi Pil-sun! Nipo!"

Kulikuwa na kitu ndani ya simu, kitu kidogo kinachohema. Mratibu Ryu alikuwa na sauti ya sindano. Kwenye chumba kimya, akiikaza, Pil-sun humpata. Lakini spika ya nguzo ya kwanza ilikuwa moja kwa moja juu ya mlango wa kinu, na sasa haikuwa CD tena. Mwenyekiti Tak alikuwa amempa Dal-sik maikrofoni. Alikuwa anaimba mwenyewe, mzima mzima, kwa pumzi zake zote zilizobaki, na soko lilikuwa linapiga makofi.

"...Mama... leo... kabla ya..."

"Sikusikii! Usikate! Nakuomba usikate!" Akampa Ok-hui. Ok-hui akaweka sikioni, akakunja uso, akatikisa kichwa. Masikio ya Ok-hui yalikuwa ya kinu kilekile.

Pil-sun akaikwapua simu akatoka mbio. Goti lilikuwa linavuja damu ndani ya suruali. Alipita kwa muuza soksi, akapita samaki waliopangwa kwa ajili ya meza za mababu, akawapasua watu kwa mabega. Dal-sik alimwona anakuja. Alidhani anakuja kucheza naye. Alinyoosha mkono mmoja kama walivyofanya siku ya harusi ya mpwa wao, akainua sauti kwa ajili ya mstari wa mwisho, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye hajawahi kuugua.

Pil-sun alimpokonya maikrofoni.

"Nyamazeni!"

Neno lilitoka kwenye nguzo zote kumi na nne. Makofi yakakatika. Tak akabaki na mikono hewani. Mahali fulani ndani ya ofisi mtu aliuzima muziki.

Pil-sun akaibana simu sikioni. "Haloo?"

"Bi. Bae?" Ndogo, mbali, lakini ipo. "Bado upo?"

"Nipo. Nipo hapa."

Maikrofoni ilikuwa bado iko mkononi, iko wazi, na soko zima lilisikia upande wake wa mazungumzo.

"Ndiyo. Yuko mbele yangu. Hapana, hana homa. Hapana, jana alisafishwa damu kama kawaida, hakuna tatizo. Kula? Ngoja." Akamgeukia mumewe. "Umekula nini leo?"

Dal-sik alikuwa mweupe sasa kuliko unga. "Keki mbili za mchele, songpyeon."

"Tatu!" muuza samaki akapaza sauti. "Ya tatu nilimpa mimi!"

"Tatu," Pil-sun akasema kwenye simu. "Na kunywa?"

"Kahawa nusu kikombe," akasema mama wa mkokoteni, kwa sauti ya mtu aliye kizimbani. "Sikujua, Mama So-dam. Naapa sikujua."

"Kahawa nusu kikombe. Ndiyo. Hatakula tena. Ndiyo, kabla ya saa sita. Tunakuja. Mama Ryu? Tunakuja, usimpigie mwingine. Tumeshaondoka."

Akashusha simu. Hakuna aliyesogea. Kisha Mwenyekiti Tak, ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kuharakisha kitu chochote, alipiga kelele, "Ondoeni mikokoteni! Njia! Toeni njia!" na soko zima likapasuka katikati.

Pil-sun aliendesha lori la kupelekea keki za mchele, na aproni bado kiunoni. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imejaa watu wanaorudi makwao kwa sikukuu, magari yamebanana na masanduku ya peasi yamepakiwa nyuma. Dal-sik alikaa na koti la bluu, mikono magotini. Walikwama kwenye daraja. Saa tano na dakika kumi. Saa tano na robo.

"Walipiga Aprili," Pil-sun akasema, macho mbele.

"Nani?"

"Hospitali. Mara tatu. Nilikuwa kwenye mashine, sikusikia. Figo ikaenda kwa mtu mwingine."

Lori la mbele likasogea mita mbili. Naye akasogea mita mbili.

"Aprili," Dal-sik akasema. "Ndiyo maana mwezi mzima hukunigombeza hata siku moja. Nilidhani daktari amekuambia nakufa."

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje? Nilikuwa naogopa jibu." Akageukia dirishani. "Na leo? Kwa nini hukuwaambia wazime asubuhi?"

"Nilikuona uso."

Dal-sik alivua koti, akalikunja, akalitandika chini ya goti la mkewe linalovuja damu.

Walifika saa sita kasoro dakika tano. Kwenye benchi la wodi alikuwa amekaa mwanamume mwingine na mkewe na begi dogo la nguo. Hakuna aliyewaeleza, lakini walielewa: huyu ni wa akiba, ameitwa endapo damu ya Dal-sik itaikataa figo. Wakainamiana vichwa. Wakaketi wote wanne wakitazama mlango mmoja. Mke wa yule bwana alitoa chungwa kwenye begi, akaligeuzageuza, akalirudisha.

Mratibu Ryu alitoka saa nane. Alikuwa mtu mfupi kuliko sauti yake. Alikuja hadi karibu kabisa na Pil-sun, akamshika mkono, akatikisa kichwa ndiyo, mara mbili, ili pasiwe na kosa. Yule bwana mwingine akasimama, akachukua begi lake. Mkewe akainama. Pil-sun akainama chini zaidi, akabaki hivyo hadi viatu vyao vilipopotea kwenye korido.

Dal-sik akachukuliwa akilalamika kwamba gauni walilompa halifungi nyuma.

Upasuaji ukaisha salama, daktari akasema, lakini figo iliyosafiri kwenye barafu hukawia kuamka. Nyingine huchukua saa chache, nyingine wiki. Nyingine, akasema, akaacha hapo. Watajua kwa mkojo. Dal-sik alikuwa hajakojoa kitu cha maana kwa miaka mitatu na nusu.

So-dam alifika na treni ya jioni, akamkuta mama yake mbele ya kioo kikubwa cha chumba cha uangalizi, na unga umekauka nyuma ya masikio. Alimletea wali na mwani, haukuliwa. Upande wa pili wa kioo Dal-sik alilala na mirija, na chini ya kitanda mfuko wa plastiki ulining'inia, mtupu. So-dam alisinzia kwenye kiti. Pil-sun hakukaa. Aliutazama ule mfuko kama alivyoitazama simu.

Kulipokucha, muuguzi wa zamu ya asubuhi aliingia, akasoma karatasi, akainama chini ya kitanda. Akabaki ameinama. Kisha akageuka kwenye kioo, akasema kitu ambacho hakikuweza kupenya, akaunyanyua mfuko juu kidogo na kuugonga kwa ukucha. Chini kabisa, kina cha vidole viwili, palikuwa na kitu cha njano, na kwenye mrija tone lingine lilikuwa linakuja.

"So-dam, amka," Pil-sun akasema, kwa sauti ya kinuni, na korido nzima ikageuka. "Baba yako anakojoa!"